Jumamosi za Watu Wawili

Jumapili, 3 Machi

Kwako Sweta,

Salamu nitakupa mwishoni, kwanza nikugombeze. Ulisema unaenda kwa mwanao kumpokea mjukuu. Mjukuu amezaliwa, ameota meno, nasikia sasa anatembea, na wewe bado unampokea tu. Mtoto gani huyo anapokelewa mwaka mzima na zaidi?

Sasa sikiliza. Vyumba vyetu vimebomolewa. Banda lote, kuanzia kwa mama mapacha hadi chooni, limelala chini. Nilisimama barabarani nikatazama. Chumba chako cha tatu na changu cha nne vilianguka pamoja, maana ukuta wetu wa katikati ndio uliokuwa umevishikilia vyote viwili. Nikaiona ile rangi yako ya kijani iko nje juani, kila mpita njia anaiona, nikajisikia kama nimevuliwa nguo hadharani. Nililia. Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wambea.

Ila hatukufukuzwa. Lile shirika la nyumba, wale vijana uliowacheka ukasema wamekuja kumaliza sukari yetu, kumbe ni watu wa kweli. Wamekinunua kiwanja na wanajenga. Nyumba ndogo ndogo, mbili mbili chini ya paa moja, na ukuta mmoja katikati. Kila aliyekuwa mpangaji pale anapata yake, anailipia polepole kwa kiasi kisichofika hata ile kodi yetu ya zamani. Masharti yao ni kwamba tunajenga wenyewe pamoja na mafundi, kila Jumamosi, nyumba zote, si ya kwako peke yake. Halafu siku ya funguo mwenye nyumba awepo mwenyewe kwa miguu yake, na aishi humo. Hakuna kupangisha, hakuna kumweka binamu.

Nimeshamwambia Msimamizi wa kazi kwamba mimi na wewe tunataka ukuta mmoja. Amekubali. Zamu yangu naifanya Jumamosi, ya kwako naifanya Jumatano. Cherehani nimeifunika siku hiyo, wateja wananuna, wacha wanune. Usinishukuru. Sema tu unarudi lini.

Na usinipigie simu. Kwenye simu wewe husema "nzima, nzima," halafu unakata.

Salamu ndizo hizi.

Pasi

*

Jumanne, 19 Machi

Mpendwa jirani yangu,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima na ninaendelea vizuri.

Nimefurahi sana kusikia habari za ujenzi. Hongereni kwa juhudi zenu. Mimi hapa kwa mwanangu sikosi kitu. Yeye husafiri mara nyingi na lori lake, lakini mke wake, ambaye ni mwalimu wa chekechea, ananitunza vyema. Mjukuu anatembea na ameanza kutamka maneno machache. Ninaendelea kufuma sweta kama kawaida. Hali ya hewa ya huku ni ya baridi kiasi.

Wasalimie wote.

Ni mimi jirani yako mpendwa,
Mama Sweta

*

Jumapili, 14 Aprili

Wewe Sweta,

Barua yako imefika ikiwa imenyooka kama sare ya shule. Najua aliyeshika kalamu ni mkweo, mwandiko ule ni wa ubaoni. Uvivu wako huo. Lakini hata kama mkono ni wake, mdomo si ni wako? Hali ya hewa imekuja kufanya nini kati yangu na wewe? Nimekuuliza unarudi lini, wewe unaniambia baridi.

Haya, nikuchekeshe kwanza. Jumamosi moja Msimamizi alikuwa na msiba kwao, akatuachia tujenge ukuta wa katikati, ule wetu mimi na wewe. Akatuonyesha pa kuanzia, akaenda. Tukajenga kwa bidii, mama mapacha anapokeza, mimi napiga kamba, yule muuza makaa anachanganya saruji na kuimba vibaya. Ukuta ulipofika juu kidogo ya kichwa cha mtu, tukaacha. Tukanawa mikono, tukafurahi, tukaenda kwetu. Jumatatu Msimamizi anarudi, anashika kiuno. Anauliza, "Mbona mmeishia hapa?" Muuza makaa akasema, "Si ndipo ukuta unapoishia?"

Sweta, hakuna hata mmoja wetu aliyetania. Watu wazima na akili zetu, hatujawahi kulala katika chumba ambacho ukuta wake unafika kwenye paa. Tumezaliwa hivyo, tumezaa hivyo, taa ya jirani inakumulikia paa. Msimamizi alicheka hadi akakaa kwenye ndoo. Halafu akatuambia kwa upole kwamba nyumba hizi kila mtu atakuwa na siri zake, tupandishe hadi juu.

Tukapandisha. Mimi ndiye niliyepokea tofali za mwisho. Watu wanapiga makofi, mimi machozi yananitoka, nikasingizia saruji. Nilikuwa nakumbuka ulivyokuwa ukinirushia kiberiti juu ya ukuta, nami nakurushia donge la uzi. Na mwanao alivyokuwa hapati usingizi mpaka asikie cherehani yangu, ukawa unaniambia, "Pasi, shona hata matambara, mtoto alale." Nikashona matambara. Na ule mwaka niliougua, ulivyokuwa unanisomea gazeti kutoka upande wa pili, matangazo ya vifo na yote, mpaka nikakwambia basi, utaniua. Nilipona kwa sauti yako kuliko kwa dawa. Sijawahi kukwambia.

Sasa neno kubwa. Siku ya funguo imepangwa, Jumamosi tarehe 29 Juni. Usipokuwepo, nyumba yako inakwenda kwa familia inayosubiri. Msimamizi ni mtu mzuri lakini kwa hilo hana mchezo. Nijibu, na unijibu kwa mdomo wako.

Pasi

*

Alhamisi, 2 Mei

Mpendwa jirani yangu,

Nimeipokea barua yako kwa furaha kubwa. Pole kwa kazi. Nimecheka sana kusikia habari za ukuta.

Hapa hatujambo sote. Mjukuu alipata mafua lakini amepona. Ninakukumbuka na ninakuombea kila la heri katika nyumba yako mpya. Mungu akujalie majirani wema.

Ni mimi jirani yako mpendwa,
Mama Sweta

*

Jumapili, 26 Mei

Mama Sweta,

Nakuita hivyo kwa kuwa ndivyo unavyojiita siku hizi.

"Mungu akujalie majirani wema." Nimeusoma mstari huo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Majirani gani? Mimi nimeomba jirani mmoja, na Mungu alikuwa ameshanijalia.

Kama umepata raha huko ukaona sisi ni watu wa banda, sema. Siwezi kukulaumu, kila mtu anapenda kulala pazuri. Lakini unachonifanyia sikielewi. Nimekuuliza mara mbili, unanijibu kama karani. Mikono yangu imechubuka mpaka siwezi kushika hariri, wateja wa magauni ya harusi wamehamia kwa yule wa sokoni anayeshona zipu upande upande. Sikudai. Nilifanya kwa kupenda. Nataka tu kujua kama Jumatano zangu nazimwaga kwenye mchanga.

Sitaandika tena. Ukija, umekuja.

Fundi cherehani wa chumba cha nne

*

Jumamosi, 8 Juni

Pasi wewe mshenzi,

Barua hii anaiandika Kinyozi, duka lake liko nyumba ya pili kutoka kwetu, usishangae mwandiko. (Shikamoo mama. Ni kweli naandika vibaya, lakini naandika anachosema. Kinyozi.)

Wewe ni mtu wa kuniandikia "Mama Sweta"? Ngoja nije nikuzibue masikio.

Sasa tulia. Mimi macho yangu yamezima, Pasi. Yalianza polepole, pembeni pembeni, nikawa nagonga milango nasingizia uzee. Daktari amesema ni presha ya macho na kilichokwenda hakirudi. Naona mwanga wa dirisha tu. Nilimkataza Mwalimu asikuandikie hilo, maana nakujua, ungefunga cherehani ukaja kunililia hapa. Kosa hilo ni langu.

Lakini barua zako amekuwa akinichujia kama chai. Ya kwanza ilinifikia nzima kidogo. Ya pili ilikuwa na ukuta na kicheko, halafu ikaishia kwa "karibu tena kutuandikia." Ya tatu ilikuwa salamu na habari za mvua. Nikajiuliza, Pasi na mvua wapi na wapi? Pasi hajawahi kuniandikia mistari mitano bila kunitukana. Nikazichukua zote kwenye kabati, nikapapasa ukuta hadi kwa Kinyozi. Akanisomea mbele ya wateja wawili wenye povu kichwani. Alipofika pale pa gazeti na vifo, nililia, na mteja mmoja naye akalia. (Kweli mama, alilia. Kinyozi.)

Kumbe tarehe imepangwa. Kumbe kuna nyumba ina ukuta wangu na nafasi yangu, na wewe umenibebea tofali. Mimi nilikuwa naambiwa mnajenga, hongereni.

Nakuja. Sijui nitafikaje lakini nakuja.

Na usimtukane Mwalimu. Najua umeshaanza kutafuta karatasi. Yule binti hakuwahi kumwita mtu mama kabla yangu, amelelewa kwenye nyumba ya watoto yatima, vitanda arobaini na mlezi mmoja. Akirudi shule anavua viatu mlangoni, anakaa karibu yangu, ananitajia rangi za nyuzi ili nisichanganye. Kila siku. Amekosea, nimemnunia. Lakini usimtukane.

Sweta (Amesema niandike Sweta, si Mama Sweta. Kinyozi.)

*

Alhamisi, 20 Juni

Shikamoo mama Pasi,

Barua yako imefika. Nimeisoma yote, bila kuruka neno, na nikamsomea mama, pamoja na pale uliponiita mwizi wa watu. Alisema, "Nilimkataza asikutukane." Sikujitetea na hapa sijitetei.

Nilikuwa nikifika kwenye mstari unaomwita arudi, nauruka. Mara ya kwanza nilijiambia nitamsomea kesho. Kesho yake nikaona ananifumia sweta, anamwimbia mtoto, nikairudisha barua kabatini. Baadaye ikawa ngumu kurudi nyuma. Nafundisha watoto wadogo kusema kweli, kisha nikirudi nyumbani nafanya hivyo.

Nimeomba ruhusa shuleni. Nitamleta mwenyewe kwa basi, tutafika Ijumaa tarehe 28. Mume wangu anajua na amekubali. Nitakuachia maelezo ya dawa zake za matone. Chai anakunywa ya vuguvugu, akisema anataka ya moto usimsikilize, huwa anajimwagia. Usimwachie kigoda njiani. Ukimtajia rangi ya uzi, mtajie kwa kitu anachokikumbuka, sio nyekundu tupu.

Samahani mama.

Mwalimu

*

Jumapili, 14 Julai

Mwalimu,

Marahaba. Nilikuwa mkali stendi, sikukupa hata mkono vizuri, na wewe ulikuwa umebeba mizigo yote na mtoto mgongoni. Nisamehe kidogo, si sana.

Nakuandikia ujue mama yako hajambo. Siku ya funguo ulikwishaondoka. Alisimama kwenye mstari ameshika mkono wangu, jina lake likaitwa, Msimamizi akamwekea ufunguo kiganjani, watu wa banda zima wakapiga vigelegele. Mama mapacha alilia kuliko wote. Tukaingia. Nikamzungusha. Nimempangia kitanda upande ule ule kilipokuwa kule chumba cha tatu, kabati upande ule ule, hata msumari wa kutundikia mkoba nimeupigilia mahali pale pale. Nikamwambia, "Umerudi kwako." Akapapasa, akacheka, akasema nimehangaika.

Kiwiko amekigonga mara mbili tatu, maana dirisha la hapa liko mahali ambapo zamani palikuwa na mlango, na yeye anakwenda kwa kukumbuka. Atazoea. Cherehani nimeihamishia kwake mchana, nashona yeye anafuma, tunasengenya watu waliokufa zamani. Mwalimu, sijafurahi hivi tangu nywele zangu ziko nyeusi.

Mchana anapenda kukaa mlangoni. Nikimwita aingie ndani, jua kali, anasema bado kidogo. Basi namwacha aote jua.

Zile rangi nilimtajia, kijani, njano. Akaniambia, "Njano ipi?" Nikamwambia njano ni njano. Akauweka uzi kando. Andika unamwambiaje wewe.

Matone namtia asubuhi na jioni.

Mama Pasi

*

Jumapili, 11 Agosti

Mwalimu,

Mama yako amekaa hapa mbele yangu, mimi nimeshika kalamu, na ameniapisha niandike kila neno kama anavyolitamka. Naanza.

"Mwanangu, hujambo. Mimi sijambo. Nyumba nzuri, haivuji, kuta zimesimama sawasawa. Pasi ananilisha mpaka nguo zinanibana. Ile saa unayotoka shule nakaa mlangoni. Najua shule yako iko mbali na huwezi kutokea kwenye njia hii. Nakaa tu. Mtoto amejua kusema nini sasa? Nataka kurudi nyumbani."

Hapo niliweka kalamu chini.

Nilimuuliza nyumbani wapi, nikijifanya sijaelewa. Akasema kwa Mwalimu. Nikamwambia nimefunga kazi yangu kila Jumatano kwa ajili yako, nimebeba tofali zako na zangu, leo unaniambia nyumbani ni kwingine? Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha akasema, "Pasi, wewe unamtaka yule wa chumba cha tatu, mwenye macho, anayekimbiza panya na ufagio. Hata mimi namtaka. Nimempapasa humu ndani kila asubuhi, simpati."

Nikatoka nje. Nikafua nguo zilizokuwa safi, nikazianika, nikazianua mbichi. Mama mapacha akaniuliza kulikoni, nikamwambia afuatilie watoto wake.

Mwalimu, jana nilikuwa nimeshakuandikia barua nyingine. Ilisema mama yako anaendelea vizuri na hakosi kitu. Ilikuwa fupi na yenye adabu, hata wewe ungeisifu. Nilipokuwa nalamba bahasha, yeye yuko mlangoni, amegeuza uso kuelekea kituo cha basi. Basi likapita, likashusha watu, akainuka kidogo kwenye kiti. Hatua za watu zikapita, akakaa. Mimi nikiwa nimekaa hapo hapo karibu yake, naona yote, nikaelewa kwamba haoti jua. Nikaichana barua.

Na rangi ulizoniandikia nilijaribu. Nikamwambia njano ya kiini cha yai, kama ulivyosema. Akatabasamu, akauliza, "Hiyo ni ya Mwalimu, eh?"

Nimeumia, sitakuficha. Nimeumia kama mtu aliyepika siku nzima, wageni wakaja wameshiba. Lakini mgeni mwenyewe ni huyu, na nikimtazama hivi siwezi kumkasirikia zaidi ya saa moja.

Msimamizi alikuja. Mama yako akamwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba anarudisha ufunguo. Wataingia fundi baiskeli na mkewe na watoto wao wanne, wanaolala nyuma ya duka sasa hivi. Nimewaona. Watoto wana kelele. Msimamizi aliniuliza kama nina neno, maana nusu ya jasho la nyumba ile ni langu. Nikamwambia wale watoto waoge kabla ya kuingia, sakafu niliipiga mimi.

Sasa yeye anaambaa ukuta kwa mkono, anakusanya nyuzi zake, ananiuliza kama nimemaliza kuandika. Nimemwambia bado. Kesho asubuhi nitaanza kukunja nguo zake, na nitazikunja taratibu.

Barua hii inaondoka leo hii na basi la jioni, ikilala kwangu nitaichana na hii. Njoo umchukue mama yako.

Pasi